Mzunguko wa Lopur na Miti ya Ata Nabei

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Naanza daftari hili nikiwa nimekasirika, na ni vizuri hivyo, ili atakayelisoma nikishakufa ajue mapema ni mtu wa aina gani aliyeliandika.

Nimetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila Jumamosi, na baiskeli ya gia kumi na nane aliyoniachia Sista Marita alipomaliza kazi misheni na kurudi kwao. Nimepita nyuma ya uwanja wa ndege, nikashuka Tarach, mto wetu usio na maji, nikaisukuma baiskeli kwenye mchanga, nikapanda ng'ambo na kufuata njia ya mbuzi mpaka karibu na Lopur. Hapo unapinda kushoto na kuanza kilima cha mawe meusi. Gia ndogo kabisa, mapigo ya moyo unayasikia masikioni, na ukifika juu unaiona Kakuma nzima, mji upande huu na mabati ya kambi ya wakimbizi upande ule. Halafu mteremko. Kilomita mbili za kokoto, vifereji na kona. Kwa dakika hizo sita mimi si mwalimu wa darasa la saba, si mjane wa mtu, si mama wa mtu. Miaka minne nimeupita mzunguko huu na bado nikifika pale juu nacheka peke yangu.

Na kule chini, baiskeli ikiwa imeshika kasi ambayo ingenifikisha mtoni bila kukanyaga pedeli hata mara moja, anakaa Ata Nabei.

Ata kwetu ni bibi, na huyu ni bibi wa kila mtu, atake mtu asitake. Ana migunga saba ukingoni mwa mto. Ni ekwar yake, yaani sehemu ya miti ambayo ukoo wa marehemu mume wake umeimiliki tangu zamani, na kiangazi kikikaza mbuzi wake wanaishi kwa maganda ya mbegu yanayoanguka pale. Njia inapita katikati, nyembamba, upana wa baiskeli tu. Masharti yake ni haya: shuka, sukuma kwa miguu mpaka mti wa mwisho, salimia, toa tumbaku.

"Gurudumu linasaga maganda," anasema.

Leo nimemwambia, "Ata, hakuna ganda hata moja chini. Huu ni mwezi wa kumi."

Akajibu, "Ndiyo sababu ushuke sasa. Yakianguka utakuwa umeshazoea kushuka."

Mimi nina miaka arobaini na moja! Nimefundisha nusu ya maaskari wa mji huu kusoma! Nimeshuka, nimesukuma, nimetoa tumbaku, na nimefika nyumbani nikinguruma.

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto. Darasa la saba hawajui tofauti ya kipimo na ufunguo wa ramani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeshuka. Nimesukuma. Nimetoa tumbaku. Akasema ya leo ni mbichi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa nimepeleka baiskeli kwa Lam, fundi aliye karibu na lango la kambi. Lam ni Mnuer, alikuja na wale wa kwanza kutoka Sudan, na hakuna mtu anayeijua baiskeli yangu kama yeye. Mzunguko wenyewe hajawahi kuupita, maana akitoka nje ya kambi bila karatasi ya ruhusa anakamatwa. Anaujua kwa majeraha ya baiskeli tu. Akiona tairi limechanika kando anasema, "Hii ni mawe ya juu." Akitoa mwiba kwenye tyubu anasema, "Hii ni miti ya bibi."

Leo aliigeuza baiskeli miguu juu, akaangalia mipira ya breki, akatikisa kichwa. "Malim Nawoi, hii imekwisha kalas. Wewe unafunga breki wapi hivi?"

"Kwa Ata Nabei."

Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Basi bibi alipe yeye."

Mimi sikucheka. Ni haki kweli mteremko mzuri namna ile uishie kwenye breki?

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Kenyatta. Hotuba ndefu. Baada ya hotuba amenijia kijana mmoja wa ofisi, shati jeupe, miwani ya jua, kalamu mbili mfukoni. Jina lake Aukot. Amezaliwa Lodwar, amesomea Kitale, na sasa ana cheo kwenye mradi mmoja mpya wa vijana na michezo huko Lodwar.

"Madam," akasema, "nimeambiwa wewe ndio unajua hii ruti ya Lopur kushinda mtu yeyote. Tunataka kufanya mashindano ya baiskeli Jamhuri Dei. Wageni watatoka Nairobi. Unaweza kutuchorea ramani?"

Nimewahi kuombwa vitu vingi katika mji huu: chumvi, chaki, barua za kuombea kazi. Ramani sijawahi kuombwa. Niliona raha mpaka aibu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemaliza. Karatasi kubwa ya manila, wino mweusi kwa njia, buluu kwa mto, kahawia kwa kilima. Kipimo, ufunguo na mshale wa kaskazini viko mahali pake. Chini kulia nimetia sahihi: N. Akoru, Mwalimu.

Kabla ya kumpelekea Aukot nimepita kwa Lam nikamwonyesha, kwa sababu mtu akifanya kitu kizuri anataka kionekane. Aliitazama muda mrefu, akiupitisha mzunguko wote kwa kidole kisichogusa karatasi, kwa ajili ya grisi. Kidole kikateremka kilima na kusimama palepale.

"Na bibi?" akauliza. "Yeye hujaandika?"

"Ramani haina nafasi ya kuandika wazee wanaopenda tumbaku."

"Kwetu, mahali pa malisho lazima iko na mwenyewe. Hata kama hujaona mtu, mwenyewe iko."

"Hata kwetu," nikamwambia. "Kila mtu hapa anajua. Kitu kinachojulikana na kila mtu kinaandikwa cha nini?"

Nikaikunja ramani na kwenda zangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua usiku kucha. Hata wazee wanashangaa. Njia ni tope, sikwenda.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni El Ninyo na itaendelea mpaka Krismasi.

Jumamosi, 1 Novemba

Mungu anipe subira, maana mimi sina.

Nimekwenda mzunguko. Kila mita mia wamepaka jiwe rangi nyeupe. Hilo sikulijali, hata lilinifurahisha kidogo, njia yangu ikiwa imevaa kama bibi harusi. Nimeshuka kwa Ata Nabei, nimesukuma, nimetoa tumbaku. Akaniuliza hayo mawe meupe ni ya nini. Nikamwambia ni ya sherehe. Akaniuliza kama sherehe itashuka na kusukuma. Nikamwambia nitawaambia.

Kurudi mjini nikakuta tangazo ukutani mwa duka. Wanaume: mzunguko wote wa Lopur, kilomita ishirini na mbili. Wanawake: mita mia mbili, kukimbia na mtungi wa maji kichwani.

Nilisoma mara tatu. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari la Aukot.

"Bwana Aukot, mzunguko huu ni nani aliyeutengeneza?"

"Ni wewe, Madam, na tunashukuru sana. Wewe utakaa kwa hema na wageni. VIP."

"Sitaki hema. Nataka namba ya kubandika mgongoni."

Akacheka kwa adabu, na kucheka namna hiyo kunaudhi kuliko tusi. Akasema wageni wangeshangaa. Mtungi wa maji! Kama nataka kubeba maji kichwani sihitaji mgeni atoke Nairobi kunitazama.

Niliondoka kwa hasira, na kwa hasira hiyo sikumwambia lolote kuhusu kushuka na kusukuma.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 14 Novemba

Wa darasa la nane wamemaliza mtihani. Chumba cha tatu kinavuja, tulisogeza madawati mara nne.

Jumamosi, 22 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mvua ilikatika jana, kwa hiyo leo nikaenda. Juu ya kilima nilicheka kama kawaida. Nikateremka. Katikati ya mteremko nikahisi kitu kimekosekana bila kujua ni nini, halafu nikajua: niliona mto. Siku zote kutoka pale huuoni mto, unaona vichwa vya migunga.

Minne imekatwa. Minne kati ya saba. Imekatwa chini kabisa, visiki vinatoa maji bado. Mashina yameshachukuliwa na lori, alama za matairi zipo. Matawi yenye maua yalikuwa yametupwa kando, na maua hayo ndiyo yangekuwa maganda ya mwezi wa pili. Mbuzi wa Ata walikuwa juu yake wakila majani kama wako kwenye karamu, wajinga, hawajui wanakula nini.

Wamefungua njia upana wa gari. Nimemkuta kibarua mmoja amebaki na panga, nikamuuliza sababu. Akasema mpiga picha lazima afuate waendeshaji kwa nyuma, na yeye anapanda gari. Gari! Mashindano ya baiskeli yanahitaji njia ya gari!

Ata Nabei alikuwa amekaa juu ya kisiki cha mti wa kwanza, ule ambao kila Jumamosi naanzia kushuka. Nilishuka. Sikujua nisukume mpaka wapi, maana sasa mahali penyewe ni uwanja.

"Ejok, Ata," nikasema.

Hakuitikia salamu. Akauliza, "Ni nani aliyewaonyesha njia hii?"

Nilikuwa na tumbaku mkononi. Nikamwekea magotini, nikapanda baiskeli, nikakimbia. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Mimi Nawoi, niliyezaliwa chini ya mgunga na kupewa jina la mgunga, nilimkimbia mwanamke mzee aliyekaa juu ya kisiki.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 25 Novemba

Kesi imesikilizwa kwa chifu. Ata Nabei alifika kwa miguu tangu alfajiri, amevaa shanga zake zote mpaka kidevuni, kama mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa. Hapa kwetu anayekata mti wa ekwar ya mtu hulipa mifugo, na hilo analijua hata mtoto anayechunga. Nilikwenda nikiamini kwamba Aukot ataaibishwa.

Alisimama na shati lake jeupe. Akasema yeye ni Mturkana pia, anaheshimu mila, na kama angejua miti ina mwenyewe angeuliza. Halafu akafungua mfuko mrefu na kutoa karatasi ya manila.

"Hii ni ramani rasmi," akasema. "Imechorwa na mwalimu wa serikali, mwenyeji wa hapa, mtu amepita hiyo njia miaka minne. Nionyesheni wapi imeandikwa Nabei. Nionyesheni wapi imeandikwa hata mti."

Watu wote wakageuka wakanitazama.

Ata Nabei akaomba aione. Hajui kusoma, lakini alijua huo ni mto na hicho ni kilima, akavitambua upesi kuliko darasa la saba. Akafuata mstari wangu mweusi kwa ukucha, akashuka kilima, akasimama.

"Miti yangu iko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. "Iko hapo, Ata."

"Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo, Ata."

Nikasimama. Nikasema mbele ya chifu na mbele ya wote kwamba ramani ile inasema uongo, na uongo huo nimeuandika mimi. Nikasema sikusahau. Niliwaza kwamba njia ikishakuwa ya ofisi, ikishapata mawe meupe na tangazo, nitapita pale bila kushuka na hakuna atakayeniuliza. Nilimwacha Ata Nabei nje makusudi, kwa sababu ya kasi ya baiskeli. Fundi mkimbizi ambaye hajawahi kufika pale aliniuliza habari zake, nikamjibu kwa kiburi.

Aukot akauliza kwa upole, "Madam, hii sahihi ni yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Basi, chifu."

Chifu akajikuna shingo, akasema jambo hili ni zito, litaangaliwa vizuri baada ya sherehe. Yaani halitaangaliwa. Nimekaa hapa mezani nikitafuta nani wa kumkasirikia zaidi. Aukot alijua! Mtu hawezi kuzaliwa Lodwar, kando ya mto Turkwel, asijue kwamba miti ya mtoni ina wenyewe. Lakini yeye alihitaji karatasi ya kumruhusu asijue, na karatasi hiyo nilimpa mimi, kwa wino wa rangi tatu.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwenda na mbuzi jike mmoja, nimemwongoza kwa kamba, nikatembea kwa miguu. Ata Nabei ameburuta matawi ya miti yake mwenyewe na kuziba njia kwa miiba kutoka ukingoni mpaka kwenye mawe. Peke yake, na umri ule. Mikono yake ina mikwaruzo mpaka viwikoni.

Alimpokea mbuzi kwa sababu ni haki yake. Tumbaku hakuipokea.

"Rudi ulikotoka," akasema, na akaniacha nimesimama upande wangu wa miiba.

Mzunguko si mzunguko tena.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Magari ya kampeni yamekwama Tarach, wagombea wanasukuma kwa mikono. Angalau wameshuka.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Tarach imejaa ukingo kwa ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita. Barabara ya Lodwar imekatika. Ndege ya wageni haikuweza kutua, na Aukot mwenyewe alikuwa amekwama huko Lodwar. Saa nne asubuhi ikaletwa habari kwa redio ya polisi: mashindano yameahirishwa. Hema lilikuwa limeshabebwa na upepo.

Hakuna gurudumu lililopita. Hakuna mpiga picha, hakuna gari, hakuna hata huyo mwenye mtungi kichwani. Miti minne yenye umri mkubwa kuliko mji huu imekatwa kwa ajili ya tangazo lililolowa ukutani. Nimelichana.

Jumamosi, 20 Desemba

Maji yamepungua. Nilivuka asubuhi baiskeli ikiwa begani. Pale miti minne ilipokuwa, ukingo umeliwa na maji hatua kumi ndani, visiki viwili vimekwenda. Mitatu iliyobaki imeshikilia.

Ata Nabei alikuwa upande wake wa miiba.

"Shuka," akasema.

"Nimeshashuka, Ata."

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akavuta tawi moja kando. "Karatasi yako ile, inaweza kubeba majina mangapi?"

"Yote yatakayotosha."

"Basi njoo uandike. Kama karatasi ndiyo inayoua miti, na iwe na watu."

Tulitembea kutoka kwake mpaka kwenye kona ya Lopur, njia ambayo mteremko wake mimi huupita kwa dakika chache nikicheka. Ilituchukua asubuhi nzima. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na baiskeli na daftari. Akawa ananitajia: miti mitatu hii ya mbele ni ya Lokeno. Huu wa mjane wa Ebei, matawi ya upande wa mto ni ya shemeji yake. Kisima hiki ni cha kina Ebei, lakini wageni wanakunywa. Hapa ng'ambo ya jiwe hapana mtu, ni pa wote, andika pa wote. Sijawahi kuipita njia ile. Nimekuwa nikipita juu yake tu.

Mwisho nikatoa tumbaku. Akainusa. "Mbichi," akasema, akaifunga kwenye ncha ya nguo yake.

Jumamosi, 27 Desemba

Imeletwa barua kutoka Lodwar yenye mhuri. Aukot anaarifu kwamba mashindano yatafanyika Pasaka, na anaomba ramani mpya ya kuonyesha mahali mto ulipobadilika. "Tafadhali Madam," anaandika, "iwe simpo, isiwe na mambo mengi."

Mambo mengi!

Nimechora siku nzima. Lam amekuja mjini kwa karatasi ya ruhusa ya muda wa saa tatu, akaketi akinichongea penseli na kuuliza, "Na hapa ni nani? Na hapa?" Nimeanza na ile sehemu tupu. Nimeandika: Miti saba ya Nabei, minne imekatwa na ofisi yako, malipo bado. Halafu nikaendelea, kisiki baada ya kisiki, mti baada ya mti, kisima baada ya kisima, mpaka majina yakabanana pande zote mbili za mstari na mstari wenyewe ukawa shida kuuona.

Ufunguo una alama moja tu, duara dogo jeusi. Maana yake nimeiandika kwa herufi kubwa: HAPA SHUKA, SUKUMA, SALIMIA. Lam amehesabu, maduara yapo themanini na tatu. Amesema kwa ramani hii nitatembea kwa miguu tu, na mipira ya breki itanikaa miaka kumi.

Chini kulia nimetia sahihi. Nimeiandika kubwa, kubwa kuliko kilima, ili Aukot asipate tena shida ya kuuliza kama ni yangu.